Majina Manne ya Marehemu Baba

Wilaya tunayotoka huandikwa kwa namna mbili. Serikalini ni Nyang'hwale; magazetini utakuta pia Nyang'wale. Makao makuu yake ni Kharumwa, na wako wanaoandika Karumwa. Ukielekea upande wa Kahama kuna mgodi wa Bulyanhulu, ambao wenyeji wengi huuandika Bulyang'hulu. Hatujawahi kusikia mtu aliyepotea njia kwa sababu ya herufi hizo. Kondakta wa hiace anaita, abiria anapanda, gari linaondoka. Sisi tulikua tukidhani majina ya watu nayo yako hivyo hivyo.

Tunaoandika ni ndugu wanne, baba mmoja na mama mmoja. Mmoja wetu ni frateri, naye ndiye aliyeshika kalamu, lakini wenzake watatu wamesoma kila aya. Kuna aya moja ambayo kaka mkubwa aliomba ifutwe, na kesho yake akapiga simu akaomba irudishwe.

Baba alifariki Februari 2022 kwa shinikizo la damu. Alikuwa msaidizi kwenye mashine za kuchoronga miamba, katika kampuni iliyokuwa na mkataba na mgodi mkubwa. Kabla ya hapo alikuwa mchimbaji mdogo kule Nyarugusu, ameingia maduara, amesaga mawe kwenye karasha, amesafisha mchanga mwaloni, na hakupata dhahabu ya kutajirika nayo. Aliacha nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe saba, na michango ya miaka 17 kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: mafao ya baba yatamtunza mama, na mkopo wa elimu ya juu utamsomesha mdogo wetu.

Matanga yalipokwisha tulifungua kasha lake la bati, tukamwaga karatasi zote juu ya mkeka. Cheti cha ubatizo cha 1979 kilisema Yohana Ng'wandu. Cheti cha kumaliza darasa la saba, 1984, kilisema John Mwandu. Kitambulisho cha kazi cha 2004, na kadi ya mfuko pamoja nacho, vilisema John Ngwandu, bila ile alama ya juu. Kitambulisho cha taifa kilisema Yohana Mwandu. Na cheti cha kifo, ambacho baba mdogo alikifuatilia akiwa na kitambulisho cha kazi mkononi, kilisema John Ngwandu. Mahali pa kuzaliwa napo palikuwa pawili, karatasi za zamani zikisema Mwanza na mpya zikisema Geita, lakini hilo halikumsumbua karani yeyote, maana kila mtu anajua kwamba mkoa wetu ulianzishwa 2012.

Ndipo tukatoa na za kwetu. Kama ilivyo kawaida ya nchi yetu, kila mmoja ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Kaka mkubwa ni mtoto wa Yohana Ng'wandu. Dada anayemfuata ni mtoto wa John Mwandu. Frateri ni mtoto wa Yohana Ngwandu. Mdogo wetu wa mwisho, kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye cheti cha kidato cha nne, ni mtoto wa Johana Mwandu, jina ambalo halimo hata kwenye kasha la baba mwenyewe. Kwa karatasi hizo, mama alikuwa amezaa na wanaume wanne. Tulicheka sana jioni ile. Mama hakucheka.

Msomaji asiyejua Kisukuma atuvumilie kidogo. Ng'wandu ni mbuyu. Sauti inayoanza jina hilo ndiyo iliyo katika neno ng'wana, ambalo kwa Kiswahili ni mwana. Kwa hiyo Msukuma akisema Ng'wandu, mwalimu wa kutoka mkoa mwingine anasikia Mwandu, na kwa kweli hakukosea. Amelitafsiri jina bila kujua. Baba alianza shule katika miaka ile ya Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya 1977, madarasa yakiwa yamefurika watoto wakubwa kwa wadogo. Mwalimu aliyeandika rejista nzima kwa siku moja hakuwa na muda wa kumuuliza kila mtoto jina lake hutamkwaje. Alipofika kwa Yohana akaandika John, labda kwa kuwa ni fupi.

Aliyeliandika jina kwa usahihi kuliko wote alikuwa Mzungu. Padre aliyembatiza baba alitoka katika shirika la Wamisionari wa Afrika, lililoingia Usukumani mwaka 1883 na kuanzia Bukumbi. Wale mapadre walijifunza lugha kabla ya kuhubiri, na kwenye kitabu chake ile alama ya juu imewekwa mahali pake kwa wino mweusi. Wazungu wengine hawakuwa makini hivyo; Wajerumani waliandika Muansa kwenye ramani zao, wakimaanisha Mwanza.

Alama hiyo ndiyo iliyodondoka kazini. Karani wa kampuni alichapa jina kwenye kompyuta, na kitambulisho kikatoka Ngwandu. Baba alikiona, akakivaa shingoni, akaenda zamu. Alikuwa ametafuta ajira ya mshahara kwa miaka mingi. Asingerudi dirishani kudai kialama.

Kitambulisho cha taifa kina kisa chake. Wengi mnakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kuongezewa muda hadi tarehe 20 Januari 2020. Bila namba ya NIDA laini ingezimwa, na kwa watu wa kwetu laini ndiyo benki. Baba alikwenda kujiandikisha akiwa na cheti cha darasa la saba, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa kimewekewa plastiki na hakikuchakaa. Kijana aliyekuwa anajaza fomu alimuuliza kama yeye ni Yohana au John. Baba alisema ni Yohana ila wameandika John. Kijana akamwandikia Yohana, na jina la pili akalinakili kwenye cheti. Ndivyo alivyopatikana Yohana Mwandu, nusu ya padre na nusu ya mwalimu.

Kwenye mfuko walitupokea vizuri, hilo tuseme. Dada wa dirishani alitupa pole, akapanga karatasi zetu mbele yake kama anayecheza karata, kisha akasema: "Huyu mama ameolewa na Yohana Ng'wandu. Sisi tunaye John Ngwandu. Leteni uthibitisho kwamba huyu ndiye huyu." Tulirudi mara tatu, kila mara tukiambiwa sentensi ileile kwa upole uleule. Lakini ukikaa upande wake wa dirisha, angefanya nini? Fedha ya marehemu ina ndugu wengi. Wako waliokuja na vyeti safi kabisa, na hawakuwa watoto wa mtu.

Kwa mdogo wetu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na tarehe. Anayeomba mkopo akiwa amefiwa na mzazi huambatanisha cheti cha kifo, nacho huhakikiwa. Cha kwake kilimtaja marehemu John Ngwandu, wakati yeye ni mtoto wa Johana Mwandu. Mzazi aliyekufa hakuwa mzazi wake. Dirisha la maombi likafungwa, majina ya waliopata yakatoka, lake halikuwamo. Novemba alikwenda chuoni kwa ng'ombe watatu.

Hapa ndipo inapoanza ile aya ya kaka. Mjini Geita, nje ya maduka ya kutoa kopi, hawakosekani vishoka, na mmoja alimwambia kaka kwamba kazi yote hiyo ni ya siku mbili. Angetengeneza vyeti vya ubatizo vinne vyenye jina moja, na muhuri wa parokia, na cheti kingine cha kifo. Kaka akampa shilingi 40,000 za kuanzia. Frateri alipoarifiwa kwa simu alipandisha sauti, akasema muhuri wa parokia haughushiwi na mtoto wa seminari akanyamaza. Kaka alimjibu maneno ambayo hatujayasahau: "Wewe unakula seminarini. Mimi ndiye ninayeuza ng'ombe. Na hicho cheti cha kughushi ndicho pekee kitakachosema kweli, maana hivi halali vyote vinadanganya." Walikaa majuma matatu bila kuongea.

Tumelijadili jibu hilo mara nyingi, na bado lina nguvu yake. Hatutadai kwamba tuliacha njia ile kwa utakatifu. Tuliiacha kwa sababu kishoka alizima simu na ile 40,000, na kwa sababu wakati huohuo dada alikwenda kuonana na paroko.

Paroko alitoa kitabu cha 1979 kwenye kabati la chuma. Jina la baba lilikuwapo, na pembeni yake, kwa mwandiko na wino tofauti, iliandikwa kipaimara chake, na chini zaidi ndoa yake na mama ya mwaka 1990. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inadai hivyo: yanayompata mbatizwa baadaye, kama kipaimara, ndoa au daraja, yaandikwe katika kitabu chake cha ubatizo. Frateri ameisoma kanuni hiyo darasani kwa ajili ya mtihani. Hakuwa amefikiri kwamba ipo siku ukingo wa ukurasa utamwonesha mama na baba yake kwa pamoja. Vitabu vya ubatizo wetu navyo vilipekuliwa, na kila kimoja kilimtaja mama kwa jina lilelile. Ya mama hayakuwahi kukosewa hata mara moja. Kwa nini ya baba yakosewe kila mara? Swali hilo tuliliacha hapo, likatusubiri mahakamani.

Wakili tuliyemwendea alitueleza jambo ambalo tungelijua mapema lingetuokolea mwaka. Mtu aliye hai ambaye karatasi zake zinapishana ana njia. Kama ni tofauti ya herufi, anaweza kuapa mbele ya wakili au hakimu, chini ya Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, kwamba majina hayo yote ni yake. Kama anataka kuliacha jina moja moja kwa moja na kushika lingine, anasaini hati ya kubadili jina, nayo inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Lakini marehemu hawezi kuacha jina, wala hawezi kuapa. Waliobaki ndio wanaomwapia, na neno lao linatafutiwa mashahidi. Baba alikaa na karatasi hizo kwa miaka karibu 40. Saini yake moja ingetosha.

Kwa hiyo ukoo ulikaa kikao, ukaandika muhtasari, ukamteua baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi, na shauri likapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Tangazo likabandikwa. Siku ilipofika, paroko alikuwa ameandika barua ya kueleza yaliyomo vitabuni, na mama akaitwa kueleza.

Hakimu alikuwa kijana, mwenye lafudhi ya pwani. Alimuuliza mama jina la marehemu mume wake. Mama akasema, "Yohana." Hakimu akamuuliza Yohana nani. Mama akanyamaza. Akaulizwa tena kwa upole, akatazama chini, akasema, "Baba wa watoto wangu hawa." Hakimu akaweka kalamu mezani. Tukaona wazi anavyofikiri: mjane asiyelijua jina la mumewe. Jasho likatutoka. Yohana yule wa kwanza naye aliwagawanya ndugu kwa jina, hadi Zakaria aliyekuwa bubu akaomba kibao akaandika. Mama yetu hajui kuandika.

Karani wa mahakama, mzee wa makamo, ndiye aliyeinuka akamnong'oneza hakimu. Kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Si mbele yake, si nyuma yake, hata akifa. Jina la pili la baba ni jina la babu, na babu ni mkwe wa mama. Miaka 32 ya ndoa mama alikuwa hajawahi kulitamka, na hakuwa tayari kuanza mbele ya serikali.

Basi shangazi akasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, mimi nitamtaja, ni baba yangu mzazi. Ni Ng'wandu!" Alilitamka kwa sauti iliyofika hadi nje kwenye miembe, na akamgeukia wifi yake akamwambia akae tu, asione haya. Hakimu akamwomba alirudie taratibu, akaliandika. Akaliandika kwa kialama.

Tulirudi nyumbani tukiwa na swali ambalo hatukuwahi kumuuliza mama, na jioni hiyo akatujibu. Alipojifungua kaka mkubwa, 1991, alisindikizwa kliniki na shangazi. Nesi alipouliza jina la baba wa mtoto, mama alisema Yohana, na la ukoo akamwachia shangazi. Ndiyo maana kaka ni Ng'wandu kamili. Alipojifungua dada walikuwa wamehamia Nyarugusu, na aliyemsindikiza alikuwa jirani, mke wa mchimbaji, mtu wa kutoka mbali anayesema Kiswahili tu. Huyo akasema John, kama walivyomwita baba machimboni, na Mwandu, kama alivyosikia. Kwa frateri, mwanamke aliyekaa naye kwenye benchi alilisema jina, na nesi akaliandika alivyoliweza. Kwa mdogo wetu wa mwisho, mama hakumbuki ni nani. Anakumbuka tu kwamba kulikuwa na foleni, mvua inanyesha, na akamwomba mtu.

Kila mmoja wetu, kumbe, amebeba kwenye cheti chake sauti ya mwanamke aliyekuwa karibu na mama siku hiyo. Tulikuwa tumewalaumu walimu, manesi, makarani na kompyuta. Hatukuwa tumewaza kwamba heshima nayo inaweza kukosea herufi.

Mengine yalikwenda. Mahakama ilimthibitisha baba mdogo. Yeye na mama wakaapa kwamba Yohana Ng'wandu, John Mwandu, John Ngwandu na Yohana Mwandu ni mtu mmoja na yuleyule, na mama akaweka dole gumba chini ya majina manne ambayo hajawahi kuyatamka. Mfuko ulilipa katikati ya 2023. Mdogo wetu aliomba mkopo upya akiwa na kiapo na nakala ya hukumu, akapata kuanzia mwaka wa pili. Ng'ombe watatu hawakurudi.

Kuhusu majina yetu wenyewe, tuligombana kidogo halafu tukakubaliana jambo lisilomfurahisha yeyote. Kaka alitaka wote turudi kwenye Ng'wandu, kwa kuwa ndilo jina la babu. Lakini cheti cha kidato cha nne ni kigumu kukigeuza, na kila cheti cha baadaye kinakifuata hicho. Shule nyingi huwapa wanafunzi orodha ya kuhakiki majina kabla ya mtihani. Mdogo wetu alipewa, akaona Johana Mwandu, akasaini, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiandikwa tangu chekechea. Basi kila mmoja akashika lile la cheti chake cha kidato cha nne na kuapa kwa yale yanayopishana nalo. Frateri alifanya hivyo kabla ya likizo kwisha, maana faili lake la seminari nalo lilikuwa na cheti cha ndoa ya wazazi chenye kialama na cheti cha kuzaliwa kisicho nacho. Gambera alikuwa ameliona tangu mwaka wa kwanza, akisubiri aulizwe.

Mwaka huu kaka amepata mtoto wa kiume na amempa jina la babu yetu. Siku hizi mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa kwenye zahanati au ofisi ya kata, bila malipo, katika ule mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013, na cheti huandikwa kwa mkono palepale. Kaka aliliandika jina nyumbani kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, akamkabidhi msajili, akasimama nyuma ya bega lake hadi alipomaliza. Kisha akakisoma mara mbili kabla ya kuondoka.

Mama ndiye aliyekuwa amempakata mtoto. Yeye anamwita Baba.